Anayelala barazani Mtwara mjini: kabla ya kumkatia tiketi ya kurudi kijijini, soma hapa

Mleta uzi, swali lako nalifahamu vizuri, maana hapa Mtwara huwa linarudi kila mvua zikishika. Umesema kuna mtu mzima wa miaka kama 50 analala kwenye baraza la duka lako karibu na soko kuu. Ni mtaratibu, asubuhi anafagia mwenyewe kisha anaondoka kutafuta vibarua. Umeuliza kama kuna kituo cha kumpeleka, kama mumchangie nauli arudi kwao, na kama umwache aendelee kulala hapo. Wachangiaji wengi hapo juu wamesema nauli. Mimi na majirani zangu wachache tumekuwa tukiwasaidia watu wa namna hii kupata vyumba, kwa hiyo nitajibu kwa yale tuliyoyaona, na jibu litakuwa refu.

Kituo cha mtu kama huyo hakipo hapa. Makazi ya serikali yaliyopo nchini, kama Nunge kule Kigamboni, ni ya wazee wasiojiweza, na sera ya taifa ya wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Hata huyo mzee hapelekwi na raia tu. Afisa ustawi wa jamii lazima afuatilie kwanza na ajiridhishe kwamba kweli hana wa kumtunza. Watoto wana vituo vyao. Mwanamke aliyefukuzwa kwa kipigo anaweza kuanzia Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Mwanaume wa miaka 50 mwenye nguvu zake hana mlango uliowekwa kwa ajili yake. Angalia hata mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. TASAF nayo, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inahudumia kaya, na kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa; anayelala barazani si kaya ya mtaa wowote. Naeleza haya ili usimalize wiki nzima ukizunguka ofisini kutafuta kitu ambacho hakipo, halafu ukakata tamaa na huyo bwana ukamwacha.

Sasa nauli. Naomba wachangiaji wenzangu wanisikilize hapa, kwa sababu nia yenu ni njema lakini matokeo yake nimeyaona. Mtu anachangiwa, anapandishwa basi la Tandahimba au Newala, watu wanapiga makofi, na kabla msimu haujaisha yuko tena sokoni, safari hii kachoka zaidi na hataki hata kusalimiana na waliomchangia. Watu husema "huyu kapenda mwenyewe mjini". Hapana. Alirudishwa mahali ambapo hana nyumba.

Wenyeji wa kusini mnajua mila zetu, ila wageni wa humu huenda hawajui. Wamakonde, Wamakua na Wayao tunahesabu ukoo kwa mama. Kwa desturi ya zamani, na vijijini bado ipo, mwanaume akioa anahamia upande wa mke. Anajenga huko, analima huko, anapanda mikorosho kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Ndoa ikivunjika akiwa na miaka 45 au 50, anaondoka na begi. Nyumba aliyoijenga inabaki, mikorosho mara nyingi inabaki, watoto ni wa ukoo wa mama yao. Wengine mikorosho yao ilishatoka mikononi hata kabla ya talaka: waliiweka rehani mwaka wa shida, au waliuza korosho ikiwa bado maua kwa watu wa kangomba, yaani wanunuzi wasio rasmi, na deni likazaa deni. Kwa hiyo ukimuuliza "kwenu wapi?" atakutajia kijiji alichoishi miaka ishirini, nawe utamkatia tiketi ya kwenda kwa mtalaka wake.

Tulikuwa na bwana mmoja hapa mtaani, Mmakua wa upande wa Masasi, aliyeoa Tandahimba. Kila aliyetaka kumsaidia alikuwa anamwambia arudi Tandahimba kwa wanawe. Alikuwa ananyamaza tu. Mama mmoja mtu mzima katika kikundi chetu ndiye aliyekaa naye akamuuliza swali la kikwetu: dada zako wako wapi? Akasema yupo mmoja, na mawasiliano yalikatika tangu simu yake iibiwe. Tukaulizia kwa watu wa Masasi wanaoleta mizigo sokoni, mpaka akapatikana mpwa wake, fundi baiskeli. Yule kijana alikuja mwenyewe. Kwake huyo ni mjomba, na mjomba halali nje wakati wapwa wapo; aliona ni aibu yake kabla ya kuwa shida ya mjomba. Hakumchukua moja kwa moja, maana naye anaishi chumba kimoja na mke na watoto, lakini alisimama kama ndugu anayejulikana. Hilo peke yake lilifungua mambo mengi nitakayoyaeleza hapa chini.

Kwa hiyo kwa wenyeji wa huku, anza na dada na wapwa, watoto wa kuzaa wafuate. Kama ni mtu wa kutoka mikoa mingine aliyekuja kwa vibarua vya korosho au bandarini, mila zake ni tofauti, muulize bila kudhani. Na usikate tiketi mpaka umeongea kwa simu na mtu atakayempokea, akakwambia mwenyewe atalala wapi.

Kama ndugu hawapo au hawawezi, kinachobaki ni chumba hapa hapa mjini. Watu wanadhani huyu bwana hana pesa kabisa, na ndiyo maana analala nje. Hebu tupige hesabu. Huku uswahilini, Magomeni au Chikongola, chumba cha kawaida kabisa unaweza kukipata kwa elfu thelathini hivi kwa mwezi. Anayepakia mizigo sokoni siku nzuri anashika elfu tano, pengine kumi. Kodi ya mwezi anaimudu. Asichokimudu ni mwenye nyumba kumwambia alete miezi sita kwa mkupuo: laki moja na themanini, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Laki mbili na kumi kwa mtu anayeweka akiba yake kwenye mfuko wa suruali huku analala barazani! Akipata pesa kidogo anakwenda gesti kuoga na kulala kitandani usiku mmoja kwa elfu tano. Angelala gesti hiyo mwezi mzima angelipa laki moja na nusu, mara tano ya kodi ya chumba. Nani aliyejiuliza kwa nini hawaweki akiba?

Tuliokuwepo wakati wa joto la gesi asilia hapa Mtwara, 2012 na 2013, tunakumbuka vyumba vilivyopanda bei na wenye nyumba walivyozoea kudai kodi ya mwaka mzima. Joto lile lilipoa. Mazoea hayakupoa.

Tunachofanya sisi ni kuchanga kodi ya miezi miwili au mitatu, halafu tunakwenda wenyewe kwa mwenye nyumba bila dalali. Tunamtafuta anayeishi humo humo ndani, mara nyingi mama mjane mwenye vyumba vitatu vinne, kwa sababu anaona kwa macho yake mpangaji wake ni mtu gani. Tunamwambia ukweli wote: alikuwa analala nje, anafanya kazi fulani, sisi ndio wadhamini, na miezi tuliyolipia ikiisha atalipa mwenyewe kila mwezi. Wako wanaokataa, na ni haki yao. Wakati mzuri wa kuomba ni Januari hadi Machi. Hela za korosho zimeisha mitaani, vibarua wa msimu wameondoka, vyumba vipo vitupu, na ndiyo miezi ambayo mvua inawapiga walioko nje. Oktoba hadi Desemba ni vigumu, maana minada ikichangamka kila mtu anatafuta chumba mjini.

Kuna watakaosema aache pombe kwanza, au apate kazi ya kueleweka kwanza, ndipo asaidiwe chumba. Nimesikia hoja hiyo misikitini, makanisani na kwenye vikao vya mtaa. New York mwaka 1992 walianza utaratibu wa kuwapa nyumba kwanza watu wenye maradhi ya akili waliokuwa wakiishi mitaani, bila kuwadai waache pombe au wamalize matibabu kabla. Finland wameufanya kuwa sera ya nchi tangu 2008. Kanada waliupima katika miji mitano kati ya 2009 na 2013, kwa watu zaidi ya 2,000, na waliopewa nyumba kwanza walidumu ndani ya nyumba kuliko wenzao waliofuata njia ya kawaida. Kule serikali inalipia na kuna wahudumu wa kuwatembelea. Sisi hatuna hayo. Ila mpangilio wenyewe, chumba kwanza na mengine baadaye, hauhitaji bajeti. Kulala barazani huwezi kulala fofofo, unalinda viatu vyako usiku kucha. Mtu wa namna hiyo kunywa ili usingizi uje ni jambo ninalolielewa. Yule bwana wa Masasi alikuwa anakunywa. Baada ya kupata chumba hakuacha, alipunguza, na kodi analipa.

Chumba pia kinampa anuani, na bila anuani hana karatasi yoyote. Fomu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, inataka mkoa, wilaya, kata, mtaa, na muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti hawezi kumtambulisha mtu asiyeishi mtaani kwake. Bila namba ya NIDA hasajili laini kwa jina lake, na bila laini hapokei malipo ya kazi kwa simu, anatumiwa kupitia kwa mtu mwingine anayemkata. Kwa hiyo wiki ile ile anayoingia chumbani, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na mwenye nyumba, aandikwe kwenye daftari la wakazi. Kama ana kadi ya zamani ya mpiga kura au cheti cha darasa la saba kwa ndugu yake, kitafutwe. Hapa ndipo yule mpwa fundi baiskeli alipotufaa sana, kwa sababu ndiye aliyejua majina kamili ya bibi na mwaka wa kuzaliwa wa mjomba wake.

Kuna jambo moja la kutangulia hata chumba. Huyo bwana anakohoa? Kama kikohozi kimefika wiki mbili, au anatoka jasho usiku na kukonda, nenda naye hospitali ya Ligula akapimwe kifua kikuu. Dawa zake ni bure, lakini matibabu ni ya miezi isiyopungua sita na yanataka mtu wa karibu wa kumsimamia ameze. Asiyekuwa na makazi ndiye anayekatiza dozi, na akikatiza inaweza kurudi ikiwa sugu. Mwambie mhudumu ukweli kwamba hana pa kulala, na uombe kuonana na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Wao ndio wanaoshughulikia misamaha kwa wasio na uwezo wa kulipia huduma nyingine. Nenda naye mwenyewe, usimwelekeze tu. Mtu aliyefukuzwa sehemu nyingi haombi mara ya pili.

Swali lako la mwisho, umwache barazani wakati mnatafuta chumba? Ndiyo, mwache, ila usimwache kimya kimya. Mweleze mwenyekiti na vijana wa ulinzi shirikishi kwamba unamfahamu na umemruhusu. Kanuni ya Adhabu imekuwa na kosa la uzururaji kwa miaka mingi, na mtu asiye na wa kumsemea anaweza kubebwa usiku kwa hilo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake. Lakini saa nane za usiku kijana wa doria hana habari na maoni ya Arusha. Ana habari na jina lako, mwenye duka. Mpe namba yako ya simu, na umpe na huyo bwana akae nayo mfukoni. Na kama unaye jirani mwenye stoo iliyo kavu, muombe leo, maana mvua za Februari zinaingia barazani zikisukumwa na upepo.