Makinda wa Kozi Wanapoanza Kuruka Kutoka Ghorofani: Ushauri kwa Anayetaka Kuwatazama

Mtu anayetaka kuwatazama makinda wa kozi, yule ndege mwindaji ambaye wengi humwita kipanga, wakiruka kwa mara ya kwanza katikati ya mji wa Arusha asianze kwa kutafuta darubini ya bei kubwa. Aanze kwa kufahamiana na walinzi wa jengo lenye kiota, na vijana wa kijiwe cha bodaboda kilicho chini yake, na akina mama wanaouza ndizi na maparachichi kwenye kona ya barabara, kwa sababu siku kinda atakapotua barabarani hao ndio watakaomfikia kwanza. Nimewafuatilia kozi wa jengo moja refu la mjini kwa misimu kadhaa, na kadiri misimu inavyopita ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kazi ya mtazamaji iko zaidi kwa watu walio chini kuliko kwa ndege walio juu. Jengo lenyewe sitalitaja, na sababu nitaieleza mbele.

Kozi ninayemzungumzia ni yule ambaye wataalamu humwita Falco peregrinus. Wengi mjini humwita kipanga au mwewe, lakini ukimtazama kwa utulivu huwezi kumchanganya na mwewe anayezungukazunguka sokoni akitafuta mabaki ya nyama. Mwewe ana rangi ya kahawia na mkia wenye mpasuko, naye huelea polepole. Kozi ana mabawa yaliyochongoka, mkia mfupi, mgongo wa kijivu kilichokolea, kifua chenye milia myembamba ya kukata, na michirizi myeusi inayoshuka mashavuni. Yuko pia ndugu yake, Falco biarmicus, mwenye utosi wa rangi ya kutu, ambaye naye huweza kukaa mijini, na karibu yote nitakayosema yanamhusu na yeye. Kuanzia Oktoba unaweza kuwaona kozi wengine wakubwa zaidi, waliotoka kaskazini ya mbali nchini Urusi kukimbia majira ya baridi, lakini hao hawazalii huku.

Kozi hajengi kiota. Kwa asili yake hutaga kwenye vibaraza vya magenge, akiparua kwa miguu shimo dogo katika vumbi au changarawe, na ghorofa refu lenye ukingo mpana kwake ni genge lililo karibu na njiwa wengi. Habari hii si ngeni duniani. Katika jiji la Montreal nchini Kanada kozi walizalia juu ya jengo la Sun Life miaka ya 1940, kabla dawa ya kuua wadudu ya DDT haijaingia katika chakula chao. Dawa hiyo ilipita kutoka kwa wadudu kwenda kwa ndege wadogo, na kutoka kwa ndege wadogo kwenda kwa kozi, ikafanya maganda ya mayai yawe membamba hata yakapasuka chini ya mama anayeatamia. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 hakukuwa na jozi hata moja iliyokuwa ikizaa mashariki mwa Marekani. Mwaka 1970 Tom Cade, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, alishiriki kuanzisha shirika la The Peregrine Fund, ambalo lilizalisha kozi na kuwaachia porini, na wengine wakaachiwa kutoka juu ya majengo ya mijini. Mwaka 1999 ndege huyo aliondolewa katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu makinda wanaoruka katikati ya magari na vioo tunayadai kwa watu wa kawaida waliosimama chini ya majengo hayo wakati wa kuruka kwao, wakiwa na maboksi na mataulo mikononi.

Jike hutaga mayai matatu au manne, akayaatamia kwa takriban mwezi mmoja akisaidiwa na dume, na makinda huruka wakiwa na umri wa wiki tano hadi sita. Jozi yetu hutaga masika yakishakatika na baridi ikishashika, kwa hiyo makinda huwa tayari mnamo Septemba, wakati mijakaranda ya mjini inaanza kuchanua. Hata hivyo usitegemee kalenda peke yake. Tazama manyoya. Kinda mdogo amefunikwa na manyoya laini meupe mwili mzima. Kadiri manyoya ya kahawia yanavyoota, yale meupe yanapukutika, na yanapobaki machache tu kichwani na chini ya mabawa, basi fahamu kwamba siku zimekwisha. Wakati huohuo utamwona akishika ukingo kwa kucha na kupiga mabawa kwa nguvu hadi miguu inyanyuke, kisha atakimbia kutoka ncha moja ya kibaraza hadi nyingine, atasimama, na atazungusha kichwa akimfuata kwa macho kila njiwa anayepita.

Madume hutangulia. Dume wa kozi ni mdogo kuliko jike kwa takriban theluthi moja, manyoya yake hukamilika mapema, na anaweza kuruka siku kadhaa kabla ya dada zake. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kila msimu husikia watu wakisema kwamba kinda aliyebaki ni mgonjwa na ameachwa na wazazi, na husikia pia pendekezo la kupanda juu ili kumsaidia. Hajaachwa. Wazazi hupunguza kuleta chakula, au hupita mbele ya ukingo wakiwa na windo miguuni bila kutua, na njaa hiyo ndogo ndiyo inayomwita kinda atoke.

Katika siku hizi za mwisho hakuna jambo baya zaidi kuliko kusogelea kiota. Kinda aliyefikia wiki nne na kuendelea akishtuliwa na mtu dirishani anaweza kujitupa kabla mabawa hayajakomaa, na kinda wa aina hiyo huanguka badala ya kuruka. Ndiyo maana inafaa kuzungumza na msimamizi wa jengo mapema, kabla mayai hayajaanguliwa ikiwezekana, na kumwomba kwa adabu kwamba wasafisha vioo, mafundi rangi na mafundi wa minara ya simu wasipangiwe kazi upande ule kwa mwezi mmoja tu. Kwa uzoefu wangu wasimamizi wengi hukubali wakipewa tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Wanachokataa ni ombi lisilo na mwisho. Wewe mwenyewe simama ng'ambo ya barabara, mahali ambapo makinda wamezoea kuona watu, na usitafute dirisha lililo karibu zaidi kwa ajili ya picha.

Asubuhi ndiyo wakati bora. Upepo ukianza kuvuma kutoka upande wa Mlima Meru, makinda husimama ukingoni wakiwa wamefungua mabawa, na mara nyingi mruko wa kwanza hauonekani kama uamuzi kabisa: upepo unamnyanyua, miguu inaachia, na tayari yuko hewani, akipiga mabawa haraka haraka huku mama yake akiruka kando yake. Watazamaji wapya hushangilia wakati huo. Mimi huwaomba waendelee kufuata kwa macho bila kusema neno, kwa kuwa kuruka ni nusu iliyo nyepesi, na kutua ndiko kunakohitaji kujifunza. Kinda hajui bado kupunguza mwendo, hajui kwamba kioo cha ofisi kinachoakisi mawingu ni ukuta, na hajui kuchagua tawi. Atajaribu kutua kwenye ukuta usio na pa kushika, atateleza, atazunguka tena akiwa ameishiwa nguvu, na hatimaye atatua mahali pa chini kuliko alipoanzia. Kioo ndicho ninachokiogopa kuliko magari. Kama ofisi ya jirani iko tayari kuvuta mapazia au kubandika karatasi kwenye vioo vinavyotazamana na kiota katika wiki hiyo, hilo ni la msaada kuliko watazamaji kumi wenye darubini.

Kinda akitua juu ya paa la chini, juu ya bango, juu ya mti au kwenye ukingo wa ghorofa ya pili, mwache. Atalia kwa sauti kali, saa baada ya saa, na kilio hicho kitawaumiza wapita njia, lakini ndicho kinachowaelekeza wazazi mahali alipo. Watamletea chakula hukohuko, na baada ya kupumzika atapanda hatua kwa hatua, kutoka ukingo hadi ukingo. Nimeona kinda akikaa juu ya bati la duka tangu asubuhi hadi jioni, na jioni hiyo jike akatua kando yake na tetere aliyekwisha kunyonyolewa.

Akitua chini penye watu na magari, hapo ndipo msaada unapohitajika, na unahitajika kwa dakika chache tu. Mwaka mmoja kinda jike alitua chini ya bajaji iliyoegeshwa, na kabla sijavuka barabara vijana wa bodaboda walikuwa wamekwisha kuzuia magari kwa pikipiki zao, kama tulivyokuwa tumekubaliana wiki iliyotangulia. Mlinzi wa jengo, mtu mzima ambaye sote humwamkia shikamoo, alivua koti lake, akamfunika ndege kuanzia kichwani, akasema, "Mwanangu, huyu hajaumia, amechoka tu. Leta boksi." Hivyo ndivyo inavyofanywa. Kitambaa kizito kinamziba macho na kumtuliza; mabawa yanabanwa mwilini kwa mikono miwili bila kukandamiza kifua; miguu inawekwa mbali na vidole vyako, kwa sababu kucha zake zinatoboa ngozi hata akiwa mchanga. Boksi la katoni lenye matundu ya hewa, lililofungwa na kuwekwa kwenye kivuli, linatosha. Usimpe maji mdomoni, usimpe nyama ya buchani, wala mkate, na usiruhusu watu wafungue ili wapige picha.

Kisha tazama kama mabawa yote mawili yamelingana, kama macho yako wazi, na kama kuna damu mdomoni. Aliye mzima hupandishwa siku hiyohiyo juu ya paa bapa la jengo, akaachwa aone anga pande zote, nanyi mkateremka mara moja. Asirudishwe kwenye ukingo wa kiota kama ndugu zake bado wako pale, kwa kuwa kuingia kwenu kutawarusha. Aliyeumia ni wa kukabidhiwa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ambao watamfikisha kwa daktari wa mifugo. Kumpeleka nyumbani ukamlee si huruma; Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kujichukulia mnyamapori bila kibali, na kinda aliyekosa mafunzo ya wazazi wake hatajua kuwinda.

Watu watakuuliza kuhusu kuku, nawe uwajibu kwa ukweli. Kozi huwinda ndege walio hewani, akijitupa kutoka juu kwa mwendo unaozidi kilomita 300 kwa saa, na windo lake la mjini ni njiwa, tetere, mbayuwayu na wakati mwingine popo. Kifaranga anayedonoa uani huchukuliwa zaidi na mwewe. Lakini mfugaji wa njiwa ana haki ya kulalamika, na si vyema kumwambia kwamba hatapoteza ndege wake. Mwambie kwamba atapoteza wachache, na kwamba makinda wenyewe katika wiki za kwanza hawawezi kukamata chochote.

Mafunzo yao ndiyo yanayonifanya nirudi kila msimu. Kwa takriban miezi miwili baada ya kuruka bado wanalishwa na wazazi, lakini chakula hakiletwi tena mezani. Mzazi hupita juu na windo, kinda humfuata akipiga kelele, na mzazi huliachia hewani. Mwanzoni kinda hulikosa, na mzazi hujitupa na kulidaka tena kabla halijafika chini. Baada ya siku kadhaa kinda hugeuka chali chini ya mzazi na kulipokea kwa kucha. Watoto hao pia hufukuzana wenyewe kwa wenyewe juu ya mapaa, na ukitaka kuona furaha ya ndege, tenga jioni moja ya Oktoba uwatazame.

Picha za siku hizo usizirushe mtandaoni zikiwa na jina la jengo au mandhari inayotambulika hadi makinda watakapokuwa wamekwisha kutawanyika. Kozi yumo katika orodha za CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe wa porini, na yumo humo kwa sababu wapo wanaomtafuta kwa ajili ya kuwindia. Ndiyo maana mimi pia sikulitaja jengo letu.

Kiota kikishakuwa kitupu kabisa, panda na msimamizi wa jengo mkakague ukingo. Baadhi ya mayai ya mijini huharibika kwa kuviringika hadi kwenye mfereji wa maji ya mvua au kwa kulowa juu ya zege tupu. Trei pana ya mbao, yenye kingo fupi na matundu ya kupitisha maji, ikijazwa changarawe laini na kufungwa imara isipeperushwe na upepo, huondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo, mradi iwekwe masika yanapoelekea mwisho na isiguswe tena jozi ikishaanza kukaa pale.