Muulize Fundi: Jigso na maswali yenu kutoka Tanga na Bagamoyo

Shikamoo fundi. Nilikuwa nakata mbao ya rafu, umeme ukakatika. Nikaiacha jigso (ule msumeno wa umeme wa mkononi, wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka) ndani ya mbao nikaenda kuangalia mita ya Luku. Umeme uliporudi mashine ikawaka yenyewe, ikarukaruka mpaka ikaanguka, bledi ikapinda. Swichi imekufa?
*Msomaji wa Ngamiani, Tanga*

Marahaba. Yaelekea swichi ni nzima. Tazama kitufe kidogo ubavuni mwa mpini, kile kinachoishikilia swichi ibaki imebonyezwa bila kidole. Umeme ukikatika hakijifungui, na jigso nyingi za bei ya kawaida hazina kinga ya kuzuia kuwaka upya. Umeme ukirudi, mashine inaendelea pale pale ilipoishia, uwepo usiwepo.

Kwa hiyo umeme ukikatika tu, bonyeza swichi mara moja mpaka kitufe kifyatuke, chomoa plagi, ndipo utoe bledi kwenye mbao. Kitufe hicho ni cha mkato mrefu ulionyooka. Kwenye kona na mikato mifupi kidole kibaki kwenye swichi. Wapo ambao kitufe kikiharibika hufunga swichi kwa mpira wa baiskeli. Mashine ya namna hiyo ipelekwe kutengenezwa, isiingie kazini.

Ukiwa hapo, fungua plagi utazame fyuzi. Jigso ya wati 650 kwenye volti 230 inavuta chini ya ampia 3, na fyuzi ya ampia 13 ni kubwa mno kwa waya mwembamba ule. Weka ya 3; ikikatika kila unapowasha, weka ya 5. Ekstensheni ya gurudumu ifungue yote, maana waya uliobaki umejikunja hupata moto. Na kama mashine ni mtumba wa Marekani, soma kibati chake kwanza: kikisema volti 120, usiichomeke ukutani bila transfoma.

Nachonga mapambo ya juu ya milango. Mvule wa inchi moja na nusu unanivunjia bledi, tena mbao inaungua pembeni. Natumia bledi nyembamba za meno madogo ili mkato uwe safi. Nikitazama chini, mstari umekwenda upande. Tatizo mbao au mashine?
*Fundi kijana, Bagamoyo*

Tatizo ni bledi, na mbao inachangia. Tazama namba kwenye shina la bledi. Bledi ya T101AO, ile nyembamba yenye nafasi ya milimita 1.4 kati ya jino na jino, ni ya mbao nyembamba na kona kali. Ukiipeleka kwenye milimita 38 za mvule, vijinafasi vya meno vinajaa unga na unga haupati pa kutokea. Bledi inasugua badala ya kukata, inashika moto, mbao inakuwa nyeusi. Wewe unaongeza nguvu, nayo inapinda chini usikokuona, kisha inakatika.

Chukua T144D, ambayo meno yake yameachana milimita 4. Kwa mapindo chukua T244D, ni nyembamba zaidi ila meno makubwa vilevile. Mkato utakuwa na ukwaruzo. Acha milimita moja nje ya mstari umalizie kwa tupa na msasa. Bledi ikiwa juu kabisa, ncha yake bado itokeze chini ya mbao. Ikizama ndani, inagonga mbao kila inaposhuka, na hapo ndipo inapovunjika.

Gurudumu dogo lililo nyuma ya bledi liiguse bila kuibana. Swichi ya kuipa bledi mwendo wa mbele na nyuma, iliyoandikwa 0 hadi 3, iwe 2 kwenye mstari mnyoofu na 0 kwenye pindo. Kabla ya pindo kali kata mikato mifupi kutoka ukingoni hadi karibu na mstari, ili vipande vidondoke kimoja kimoja na bledi ipate nafasi ya kugeuka. Sukuma kwa kadiri ambayo sauti ya mota haishuki, ikishuka, umezidisha.

Sasa mbao. Mvule huwa na mawe ya chokaa ndani, magumu, yasiyoonekana kwa nje. Mtiki una silika, madini magumu kama mchanga, inayomaliza makali, na sehemu ya nje ya shina la mnazi ni ngumu kuliko moyo wake. Mbao za majahazi makuukuu ndizo za kuogopwa zaidi: pitisha sumaku kutafuta misumari kabla hujapiga mstari. Bledi ikigonga kitu, achia swichi, usilazimishe. Na ukiibadilisha, plagi iwe nje, tena usiikamate kwa vidole vitupu. Imetoka kazini ikiwa ya moto.

Plaiwudi ya kabati inachanika upande mzuri. Nifanye nini?
*Msomaji, Muheza*

Ugeuze upande mzuri uangalie chini. Meno ya bledi ya kawaida hutazama juu na hukata inapopanda, ndiyo maana uso wa juu ndio unaoumia. (Asili ya mashine hii ni cherehani: mwaka 1946 Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla, Uswisi, alifunga bledi mahali pa sindano.) Ukishindwa kugeuza, kama kwenye tundu la sinki, tumia T101BR ambayo meno yake yanatazama chini. Kandamiza mashine vizuri, maana bledi hiyo huinyanyua. Tundu lenyewe lianze kwa drili ya milimita 10 au 12.

Mimi huvaa dera na mtandio nikikata mbao nyumbani. Nivae na glovu za kitambaa?
*Msomaji wa kike, Pangani*

Glovu za kitambaa hapana: uzi ukinaswa, kidole kinafuata. Mtandio ufunge nyuma, ncha ziingie ndani ya nguo. Dera lichomeke au livaliwe aproni ya kubana juu yake. Viatu vifunike vidole.

Zaidi ya nguo, angalia mkono wa kushoto uko wapi. Watu wengi hushika mbao kwa chini, karibu na mstari, na bledi hutokea huko huko. Funga mbao mezani kwa klempu mbili, mkato uwe nje ya ukingo wa meza, mikono yote ibaki juu. Waya upite begani. Ukimaliza, subiri bledi isimame kabisa kabla ya kuinua mashine. Ikiguswa mezani inaenda bado, inaruka.

Vaa miwani ya kazi. Kwa vumbi, barakoa ya kitambaa haitoshi, nunua iliyoandikwa FFP2, hasa kwa mvule, ambao unga wake huwasha ngozi na kubana kifua. Usipulize unga kwa mdomo kutafuta mstari. Futa kwa brashi, mashine ikiwa imezimwa.