IST, sabufa mbili za inchi 12 na amplifaya ya “wati 3000”: jibu langu

Mkuu mleta mada, kwa faida ya anayeingia sasa hivi, swali lako ni hili: una Toyota IST, redio ni ileile iliyokuja nayo kutoka Japani, na Kariakoo umeonyeshwa boksi lenye sabufa mbili za inchi 12 pamoja na amplifaya iliyoandikwa wati 3000. Muuzaji anasema fundi wake anafunga hapohapo, unaondoka unapiga. Wadau wengi wamekujibu “chukua, itatikisa mtaa”. Mimi nasema acha. Chukua sabufa moja tu ya inchi 12 yenye vipimo vinavyoeleweka, na pesa itakayobaki iende kwenye boksi na waya. Nimefunga vitu hivi kwenye magari yangu na ya ndugu na jamaa kwa miaka, na kwenye gari dogo kinachoamua mdundo ni boksi na umeme. Idadi ya sabufa inakuja baadaye sana.

Hizo wati 3000 zisikutie wazimu. Muombe muuzaji akuonyeshe ubavu wa amplifaya pale zinapochomekwa fyuzi. Ukikuta mbili za ampea 20, jumla ni ampea 40. Gari likiwa linaunguruma, umeme wake ni kama volti 13.8, kwa hiyo kinachoingia kabla fyuzi hazijakatika ni takriban wati 550. Amplifaya za daraja D, ambazo ndizo nyingi za sabufa, hugeuza kama asilimia 80 ya huo kuwa nguvu ya kusukuma spika, kilichobaki kinakuwa joto. Umebaki na wati 440, tena kwa kuikamua. Ikiwa ni ya daraja AB, hesabu 300 na kidogo. Wati 3000 zimetoka wapi? Kwenye karatasi ya stika. Neno la kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaihimili mfululizo, kwenye amplifaya na kwenye sabufa pia. MAX, PEAK na PMPO waachie wapamba maboksi.

Na hata kama wati zingekuwa za kweli, kuzizidisha mara mbili, tuseme kutoka 300 kwenda 600, kunakuongezea desibeli 3 tu. Utaisikia, ila huwezi kusema gari limekuwa jingine. Upande wa umeme lakini gharama imekuwa mara mbili kamili. Alteneta ya IST si ya kubeba disko, na ukiwa kwenye foleni ya Ubungo, injini inazunguka taratibu, AC imewashwa, taa zimewashwa, haitoi hata ule uwezo wake wote. Amplifaya ya wati 500 RMS ikipiga kwa nguvu zote inanyonya kama ampea 45. Muziki si mlio mmoja usiokatika, kwa hiyo wastani wake uko chini sana ya hapo, na gari litahimili. Panda hadi wati 1000 za kweli uone taa za dashibodi zinavyopepesa kila besi ikigonga. Binafsi kwa IST naishia wati 300 hadi 500, na betri nikiweza naitoa ile ndogo ya NS40 naweka kubwa zaidi ya NS60 kama kitako kinaruhusu.

Kuna atakayekuambia suluhisho ni kapasita ya faradi 1 yenye taa za buluu. Hesabu yake ni fupi: volti ikishuka kutoka 13.8 hadi 12.8, kapasita hiyo inatoa juli 13 hivi. Amplifaya inayovuta wati 600 inazimaliza kabla hujapepesa jicho, halafu alteneta ileile inadaiwa kuijaza tena. Hiyo pesa nunua waya mnene.

Sasa boksi, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa sauti. Yale maboksi yaliyo tayari, yamefunikwa zulia jeusi, yametengenezwa kwa kipimo cha rafu ya duka. Aliyeyapasua mbao hajui utaweka sabufa gani. Sabufa inahitaji ujazo wake wa hewa. Kwa inchi 12 nyingi, boksi lililozibwa kabisa huwa lita 23 hadi 35, na boksi lenye tundu (mwanya au bomba la kupitishia hewa, “port”) huwa kuanzia lita 42 hadi 60 na zaidi kidogo. Karatasi ya sabufa ya maana itakuambia ujazo unaotakiwa. Itakupa pia vipimo viwili vidogo, Fs na Qes. Gawanya Fs kwa Qes. Jibu likiangukia kwenye 50 au chini yake, sabufa hiyo inapenda boksi lililozibwa; likikaribia 100, inapenda tundu. Katikati hapo unaweza kuchagua. Sabufa isiyo na karatasi wala vipimo hivyo mahali popote, hata mtandaoni, mimi sinunui, hata ikiwa na sumaku kubwa kama sufuria.

Kuchagua kati ya kuziba na tundu, jiulize unasikiliza nini. Singeli inakimbia, mapigo yanafuatana bila nafasi, na boksi la tundu lililotengenezwa ovyo linaacha kila pigo linaburuta mkia hadi yote yanakuwa mngurumo mmoja. Rumba na taarabu ndiyo hivyohivyo: pale unataka kusikia gitaa la besi likitembea noti kwa noti, na waya wake mnene kuliko zote unaanzia kama hezi 41 tu, kwa hiyo hukosi kitu kwa kuziba. Amapiano na baadhi ya hip hop ndizo zinazostahili tundu, kwa sababu zina noti ndefu za chini zinazokaa. Tundu likipimwa vizuri, tuseme kwenye hezi 35, linakupa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile. Ila chini ya hapo koni, yaani ule uso wa sabufa unaocheza, inabaki bila hewa ya kuishika, inaruka mbele na nyuma hadi inaumia. Ndiyo maana amplifaya ya boksi la tundu lazima iwe na chujio lililoandikwa SUBSONIC, la kukata sauti za chini mno, ulikalishe chini kidogo ya kipimo cha tundu, kama hezi 28 hadi 30 kwa mfano wetu.

Jambo moja linalonifanya nipende kuziba kwenye gari dogo: chumba cha gari chenyewe huinua sauti za chini. Boksi lililozibwa huanza kupunguza besi kule chini, gari linairudisha. Matokeo yake besi inafika chini zaidi bila kelele za ziada. Sebuleni huwezi kupata hiyo zawadi.

Ukikubali kuziba, hesabu ya seremala ni rahisi. Ndani ya boksi sentimita 42 kwa 38 kwa 21 ni lita 33 na nusu. Toa lita mbili au tatu zinazokaliwa na sumaku, unabaki na 31 hivi. Mbao ni MDF ya milimita 18. Plaiwudi nzuri ya unene huohuo nayo inafaa, na inavumilia unyevu wa Pwani kuliko MDF. Gundi kila ungio, skrubu kila sentimita 10 au 15, kisha silikoni kwenye kona zote kwa ndani na uiache ikauke kabisa kabla ya kufunga sabufa, kwa sababu mvuke wa baadhi ya silikoni unaharibu gundi za koni. Ukimaliza, sukuma koni taratibu kwa viganja vyote viwili. Ikirudi polepole, boksi limeshika hewa. Ikirudi papo hapo, tafuta panapovuja.

Kabla ya kulipa, angalia omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 ukiziunga sambamba unapata omu 2, ukiziunga mfululizo unapata 8. Ya koili mbili za omu 2 inakupa 1 au 4. Amplifaya nazo zimeandikwa zinahimili ngapi na zinatoa wati ngapi kwenye kila omu. Oanisha hayo mawili. Ukiilazimisha amplifaya ya omu 2 ibebe omu 1, itakuwa inazima ikipata moto, au siku moja haitawaka tena. Kwa mpango wako, amplifaya ya chaneli moja yenye wati 400 hivi RMS kwenye omu 2, na sabufa ya koili mbili za omu 4 inayobeba wati kama hizo, zinakaa pamoja vizuri.

Kwenye waya usione haya kuuliza. Waya wa “geji 4” kwenye seti za bei rahisi mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na wakati mwingine plastiki ndiyo nene kuliko waya wenyewe. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini. Inatumika, lakini panda ukubwa mmoja, kwa sababu inapitisha umeme kwa theluthi mbili hivi tu ya shaba tupu. Fyuzi kubwa ikae karibu na betri, isizidi nusu mita, na kazi yake ni kuulinda waya. Zile za ubavuni mwa amplifaya hazikusaidii waya ukichunika njiani. Shemeji yangu alifungiwa Noah na fundi mmoja aliyepitisha waya kwenye tundu la bati bila mpira na bila fyuzi. Mtikisiko ukala plastiki, waya ukagusa bodi, moshi ukatoka chini ya dashibodi wakiwa njiani na watoto. Walifanikiwa kuchomoa betri. Kwa hiyo simama hapo fundi anapofanya kazi, na uulize mpira uko wapi.

Waya wa hasi uwe mnene sawa na wa chanya, mfupi, na uende kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi ling’ae. Kabla fundi hajatoboa popote, lala chini ya gari uangalie upande wa pili. Huko kuna tangi la mafuta na mabomba ya breki. Waya wa RCA, ule unaopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, upite upande mmoja wa gari, wa umeme upande mwingine, la sivyo utasikia mluzi unaopanda na kushuka ukikanyaga mafuta. Amplifaya usiifunge juu ya boksi linalotikisika, na usiizibe na nguo, kwa jua letu la Dar.

Redio yako ya Japani haina sababu ya kutupwa kwa ajili ya sabufa. Haina matundu ya RCA nyuma, ni kweli, lakini amplifaya nyingi zina soketi inayopokea waya za spika moja kwa moja, na zisizo nayo hutumia kifaa kidogo cha kubadili mawimbi. Sababu ya kuibadili ni nyingine: masafa ya FM ya Japani yanaanzia 76 na redio za zamani zinaishia 90, ndiyo maana stesheni nyingi za huku huzipati bila kile kibadilishi cha antena. Kama tayari hilo linakukera, nunua redio mpya yenye RCA ya sabufa na mengine yatakuwa rahisi.

Kuset sasa. Kinobu cha GAIN watu wanakifanya cha kuongeza sauti, na hapo ndipo sabufa nyingi zinaungua koili. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Chomoa sabufa, zima besi zote za redio, piga mlio wa majaribio wa hezi 50, redio iwe robo tatu ya sauti. Pima kwa mita, upande wa AC, kwenye matundu ya kutokea. Namba unayotaka ni kipeuo cha pili (mzizi) cha wati mara omu: wati 300 kwenye omu 2 ni mzizi wa 600, yaani volti 24 na nusu. Pandisha taratibu mpaka hapo, acha. LPF, chujio linaloachia sauti za chini tu zipite, iweke hezi 80, kisha swichi ya fezi (PHASE, inayogeuza mwendo wa koni) jaribu pande zote mbili ukiwa kwenye kiti cha dereva, baki na ule wenye besi nzito zaidi.

Boksi lenyewe ligeuze vilevile. Kwenye IST mimi huanza na koni ikitazama mlango wa nyuma, boksi likiwa nyuma kabisa, halafu nalisogeza huku mtu mwingine amekaa mbele anasikiliza. Vinavyolia krrr ni namba ya gari, kava la mlango wa nyuma na ile rafu ya kufunika mizigo. Sponji yenye gundi inamaliza kesi. Kama buti unalihitaji kwa mizigo ya dukani kila siku, zipo sabufa bapa za inchi 8 zenye amplifaya ndani zinazokaa chini ya kiti. Hazitikisi mtaa, lakini ndani ya gari zinatosha kabisa kwa mtu wa rumba.

Ukishapata modeli mbili tatu zilizopo madukani, weka hapa Fs, Qes, omu na RMS zake, pamoja na vipimo vya buti lako viti vikiwa vimesimama, tukupigie hesabu ya boksi kabla hujampa seremala mbao.