Kuvuta na kupitisha michoro katika CAD: kazi kubwa hufanyika kabla ya kubonyeza

Watu wengi wanaoanza kujifunza CAD, yaani uchoraji wa vipuri kwa kompyuta, huwa na haraka ya kufikia amri inayogeuza mchoro bapa kuwa umbo mango, kwa sababu hapo ndipo kazi yao inapoanza kuonekana kama kitu halisi. Baada ya miaka ya kuchora vipuri na kukagua michoro ya watu wengine, ninaamini kwa dhati kwamba amri hiyo haiamui jambo lolote kubwa. Extrude huuvuta mchoro katika mwelekeo mmoja ulionyooka, Sweep huupitisha mchoro juu ya njia inayoweza kupinda, na katika hali zote mbili programu hutekeleza tu yale ambayo mchoro umekwisha kuyaamua.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba mchoro umefungwa. Ncha za mistari miwili zinaweza kuonekana zimegusana kwenye skrini ilhali kati yake kuna mwanya wa milimita 0.01, na mwanya huo unatosha kuifanya programu ikatae kuuvuta mchoro, au itoe ganda tupu lisilo na ujazo. Mistari miwili iliyolaliana ni tatizo gumu zaidi, kwa kuwa jicho huona mstari mmoja tu. Kukuza picha na kuchungulia kona moja baada ya nyingine hupoteza muda. Ni afadhali kutumia zana ya kuhakiki mchoro, kama ile iliyomo katika Sketcher, sehemu ya kuchora ya programu ya FreeCAD, ambayo huonyesha ncha zisizounganishwa. Duara lililochorwa ndani ya mstatili litakuwa tundu pale mchoro utakapovutwa, lakini likivuka ukingo wa mstatili huo, programu nyingine hushindwa kuendelea na nyingine hukutaka uchague mwenyewe eneo la kuvutwa.

Mchoro uliofungwa bado unaweza kuwa mchoro legelege. Chukua mstatili wa kawaida: ukishaunganisha kona zake nne, ukaamuru mistari miwili iwe ya ulalo na miwili iwe ya wima, bado kuna mambo manne yanayoweza kubadilika, yaani upana, urefu, na umbali wake kutoka sifuri katika kila mhimili. Usipoyafunga yote manne, siku utakapobadilisha kipimo kingine, mstatili wako unaweza kusogea bila wewe kutaka. FreeCAD huugeuza mchoro kuwa wa kijani usipobaki na kitu kinachoweza kubadilika, na SolidWorks hugeuza mistari kutoka buluu kuwa nyeusi. Mimi sivuti mchoro wowote kabla ya kuiona rangi hiyo. Nidhamu hii ina umri mrefu kuliko programu zenyewe tunazotumia, kwani Sketchpad, programu ya awali ya kuchora ambayo Ivan Sutherland aliiwasilisha katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963, tayari ilimruhusu mchoraji kuamuru mistari iwe sambamba au ikutane kwa pembe mraba, kisha kompyuta ikautekeleza uamuzi huo.

Ninashauri pia kuweka katikati ya mchoro kwenye sifuri ya mihimili kila inapowezekana, na kuuvuta mchoro pande zote mbili kwa kipimo sawa. Kipuri kikiwa na pande zinazofanana, mabapa makuu ya programu yatapita katikati yake, na kazi ya kunakili matundu kutoka upande mmoja hadi mwingine itakuwa nyepesi.

Baada ya hapo lipo swali ambalo wengi hawajiulizi: ni uso upi wa kipuri unaofaa kuchorwa? Tuseme unataka kibati cha pembe chenye mikono ya milimita 60 na 40, unene wa milimita 5 na upana wa milimita 30. Unaweza kuvuta bamba la kwanza, kisha ukachora bamba la pili juu yake na kulivuta nalo. Mimi ningetazama kibati hicho kwa ubavu, nikachora herufi L yenye unene wa 5, kisha nikaivuta mara moja kwa milimita 30. Unene unabaki kuwa namba moja tu, na atakayeutaka uwe 6 ataubadilisha mahali pamoja. Uso unaobeba taarifa nyingi zaidi za kipuri ndio unaostahili kuchorwa kwanza, hata kama si uso mkubwa kuliko zote.

Namna ya kuukomesha mvuto nayo inahitaji uamuzi. Ukitaka tundu linalotoboa bamba la milimita 10, usiandike kina cha milimita 12 kwa kuwa tu kinatosha leo. Chagua tundu lipite kote. Bamba likiongezwa unene kuwa milimita 15, tundu la 12 litaishia ndani ya bamba, na kasoro hiyo huenda isionekane mpaka kipuri kitakapofika kwa fundi. Kwa vipuri vya plastiki vinavyomiminwa kwenye kalibu, kumbuka kuweka mwinamo mdogo wa kuta, kwa kawaida kati ya digrii 1 na 2, ili kipuri kitoke bila kukwaruzika. Programu nyingi huuweka mwinamo huo ndani ya amri ileile ya kuvuta.

Kupitisha mchoro juu ya njia huhitaji michoro miwili: mkato, yaani umbo bapa linalopitishwa, na njia utakayopitia. Mkato ukae kwenye bapa lililo pembe mraba na njia, pale njia inapoanzia. Programu kadhaa hukubali mkato uliokaa mbali na njia, lakini umbo linalotoka ni gumu kulitabiri, nami sioni sababu ya kuruhusu hali hiyo.

Sehemu inayowashinda wengi ni kona. Nusu kipenyo cha kona, kikipimwa kwenye mstari wa katikati, lazima kiwe kikubwa kuliko umbali kutoka mstari huo hadi ukingo wa mkato ulio upande wa ndani wa kona. Bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 20 lina umbali wa 10. Ukilipitisha kwenye kona ya milimita 8, upande wa ndani utajikunja na kujikata wenyewe, na programu itatoa onyo au umbo bovu. Ukiweka 10 kamili, upande wa ndani utafinyana kuwa nukta moja. Kwa hiyo amri ikigoma, pima kona ya njia kwanza kabla ya kulaumu programu.

Mkato wa duara huficha tatizo jingine. Duara likizungushwa hubaki duara, lakini mkato wa mstatili ukipita kwenye njia inayopinda huku na huko angani unaweza kusokoteka kidogo kidogo, na mwisho wake usilingane na mwanzo. Ndiyo maana FreeCAD hukupa namna kadhaa za kuuelekeza mkato, zikiwemo ya kawaida, ya Frenet (ambayo huugeuza mkato kufuata upande njia inakopinda), na ile inayofuata njia ya pili ya msaada. Ya Frenet hufaa sana kwa springi na nyuzi za bolti, kwa sababu mpindo wa helisi, yaani njia inayozunguka kama springi, haukomi popote. Haifai kwa njia yenye umbo la S, kwani pale mpindo unapogeuka upande, mwelekeo wa mkato nao hupinduka ghafla. Kwa reli za ngazi na fremu zenye mkato wa mstatili, mimi huchora njia ya pili ya kuuongoza mkato. Ni kazi ya ziada, lakini matokeo yake unayajua kabla hujabonyeza.

Kwa nyuzi za bolti, kumbuka kwamba mkato unaopita kwenye helisi lazima uwe mfupi kidogo kuliko hatua ya uzi, yaani umbali kati ya mzunguko mmoja wa uzi na unaofuata. Bolti ya M10 ya kawaida, yaani yenye kipenyo cha milimita 10, ina hatua ya milimita 1.5, na mkato wenye kimo cha 1.5 kamili utagusana na mzunguko unaofuata, jambo linaloweza kuivuruga hesabu ya umbo mango. Isipokuwa unachapisha bolti hiyo kwa printa ya pande tatu, sikushauri kuzichora nyuzi hata kidogo; huifanya faili iwe nzito bila faida, na fundi anatosheka kusoma M10 kwenye mchoro wa kiwandani.

Mwisho ni ukaguzi, ambao ninausisitiza kwa sababu ni rahisi na karibu hakuna anayeufanya. Pappus wa Aleksandria, mwanahisabati wa kale, ameacha kanuni inayotusaidia hapa: mkato ukipita pembe mraba na njia, na kitovu chake kikiwa juu ya njia hiyo, ujazo ni eneo la mkato mara urefu wa njia. Chukua bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 20 na cha ndani cha 16, linalokwenda milimita 200 moja kwa moja, likapinda robo duara yenye nusu kipenyo cha 50, kisha likanyooka kwa milimita 100. Eneo la mkato ni milimita za mraba 113.1, na urefu wa njia ni milimita 378.5. Ujazo unaotarajiwa ni takriban milimita za ujazo 42,800, ambazo kwa chuma cha kawaida cha kaboni, chenye gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, ni kama gramu 336. Sasa iulize programu ujazo wa umbo ulilolitengeneza. Ikikujibu karibu 118,900, duara la ndani halikuhesabiwa na bomba lako ni nondo. Rudi kwenye mchoro wa mkato uone kama maduara yote mawili yamo ndani ya mchoro mmoja na kama yana kitovu kimoja.