Konda wa saa kumi na moja alfajiri

SWALI: Shikamoo bibi. Nina watoto wawili, wa miaka mitano na wa miaka miwili, tunaishi Mbagala. Mkubwa yupo chekechea na gari la shule linampitia saa kumi na mbili kasorobo. Namwamsha saa kumi na moja, na hapo ndipo vita vinapoanza. Kuoga hataki, uji hataki, viatu anavaa cha kushoto kulia, na mdogo wake huku anamvua soksi nilizomvisha sasa hivi. Juzi gari lilipiga honi tukiwa bado chumbani, nikamchapa kibao. Akapanda analia. Siku nzima moyo haukutulia. Nifanyeje?
Mama wa wawili, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza, analala saa ngapi? Hukuandika, nami nimefundisha chekechea Tanga miaka 29. Mama asipoitaja saa ya kulala, najua pana jambo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukiwemo. Wako wa mitano hayuko mbali na hapo. Akilala saa nne usiku kwa sababu tamthilia ilikuwa haijaisha, saa kumi na moja amepata saa saba tu. Huyo hata ukimpigia ngoma haamki akicheka. Saa mbili awe kitandani, na mchana akirudi alale. Halafu kumbuka kwamba mwezi wa sita na wa saba jua la Dar linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo unamwamsha usiku bado. Washa taa, mwache dakika tano ajigeuzegeuze, ndipo umguse.

Sasa tucheze. Mtoto wa Mbagala anamjua konda kuliko anavyomjua mjomba wake. Basi mpe ukonda. Wewe dereva, mdogo wake abiria, na nyumba yenu ina vituo vinne: Kitandani, Bafuni, Jikoni, Mlangoni. Kazi yake ni kutangaza kituo, kuhakikisha abiria kashuka, na kugonga ukuta mara mbili ili dereva aondoe gari. Nauli ni busu, na chenji lazima irudishwe. Akizubaa usiseme "fanya haraka". Uliza, "Konda, mbona hapa tumepaki sana?" Utashangaa atakavyokukimbiza wewe. Mjukuu wangu alinishusha jikoni nikiwa na kanga moja, eti gari limejaa.

Mchezo huu utachuja baada ya wiki mbili tatu, usihuzunike. Mwulize yeye kesho tuwe nani. Wangu alitoka ukonda akawa daktari, akawa anatupima homa kwa mswaki.

Kuhusu kuoga, mimi sidhani mtoto anachukia kuoga. Anachukia maji ya baridi saa kumi na moja, kama mimi. Usiku ukishachemsha maji ya chai, jaza chupa ya chai moja iwe ya kuogea tu, uiweke juu asikoifikia mtu. Asubuhi weka maji ya baridi kwenye ndoo kwanza, kisha changanya ya moto mwenyewe, jaribu kwa kiwiko. Hakuna kuwasha mkaa gizani. Akinawa uso, mtegee kitendawili: "Popoo mbili zavuka mto." Kabla hajafumbua macho ajibu: macho! Siku ya tatu atakutegea wewe.

Viatu ndiyo rahisi kuliko vyote, na nilichelewa sana kujua. Viweke sawasawa sakafuni, vimegusana, kisha chora kuku mmoja ndani kwa kalamu ya wino usiofutika: kichwa kwenye kiatu cha kushoto, mkia kwenye cha kulia. Kabla ya kuvaa avipange mpaka kuku awe mzima. Mchoro wangu wa kwanza ulifanana na bata, lakini kijana alivaa sawa.

Uji usimlazimishe. Tumbo la alfajiri nalo limelala. Nusu kikombe kinatosha, na kwenye kibegi mwekee kiazi kitamu au yai la kuchemsha, kama shule inaruhusu. Sare, soksi na begi viwe mlangoni tangu usiku, tena avipange yeye. Konda hukagua gari lake kabla ya kulala.

Kuhusu kile kibao. Usimnunulie pipi kukifuta. Jioni mkikaa, mwambie, "Juzi mama alikasirika akakupiga, haikuwa sawa, nisamehe." Watoto wa miaka mitano wanasamehe upesi, ila wanapenda kuambiwa. Na zipo asubuhi ambazo ukonda utagoma, kuku hatatimia, honi italia. Siku hiyo mbebe na viatu vyake mkononi, atavaa ndani ya gari.

Huyo mdogo anayevua soksi za mwenzake hana ubaya, naye anatafuta kazi. Mpe jozi kuukuu zake mwenyewe, avue na kuvaa mpaka gari lije.