Kuhusu lile swali lako

Mwanangu Mwanasiti,

Assalam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa miwani ya baba yako, maana yangu ndugu yako Athumani kaikalia. Unauliza, ukishamaliza hiyo shahada ya uzamivu, uchukue mkataba wa miaka miwili hapo hapo maabarani Edinburgh au uende kampuni ya dawa wanakolipa mara mbili. Mimi nitajuaje, mwanangu? Nimeuza samaki Kilifi maisha yangu yote.

Lakini siku ya wale ngisi siisahau. Ulikuja likizo, ukaninyang'anya kisu, ukampasua mmoja ukamtandaza ubaoni, ukanionyesha upande wa ndani uzi mwembamba unaong'aa. "Mama, hii ni neva." Ukasema uzi mmoja wa neva ya mtu ni mwembamba mno kuchezewa, wa ngisi hukaribia milimita nzima, ndiyo wale Waingereza wawili, Hodgkin na Huxley, wakautia waya ndani wakapima umeme unavyopita, mpaka wakapata Nobel 1963. Miaka yote hiyo nautupia paka! Nilicheka hadi mchuzi ukashika chini. Wiki nzima hakuna mteja aliyenunua ngisi bila kusomeshwa.

Ndiyo nasema, na utanisikia tena: kazi usiyoweza kuieleza jikoni, iache.

Nilikolitoa neno hilo unakujua. Athumani aliposhikwa na degedege, bibi yako alisema ni yule ndege wa usiku. Mimi nikambeba hospitali mbio. Malaria imepanda kichwani. Wakamtibu, akapona, sikatai. Lakini miezi ikapita akaanza kuanguka. Nikamuuliza daktari kwa nini, akaandika, akafunga faili. "Mama, huwezi kuelewa." Nikarudi nyumbani na ndege wa bibi yako, kwa sababu yeye angalau alikuwa na maelezo.

Maelezo mengine nimeyapata kwako juzijuzi, kwamba malaria kali yaweza kuudhuru ubongo, kifafa kikaja baadaye. Na kumbe watafiti wamelifuatilia jambo hilo miaka mingi hapa hapa Kilifi, mahali ninapopita na beseni langu kichwani! Sasa Edinburgh unatafuta nini?

Hapana, sikusema urudi. Baba yako ameniapisha. Na vifaa ulivyozoea viko huko, najua. Halafu mkataba wa miaka miwili, ukiisha? Utaanza tena kuomba pesa za utafiti kama mtu anayeomba kazi kila msimu. Hiyo kampuni nayo nilitaka kuisema vibaya, nikakumbuka vidonge vya Athumani vya asubuhi na jioni. Si vimetengenezwa na watu kama hao? Basi nimenyamaza.

Jumapili ukipiga simu, muombe Athumani. Mweleze utakuwa unafanya nini kila siku kwenye huo mkataba, kisha mweleze na ya kampuni. Mimi nitakuwa pembeni napaa samaki. Sitatia neno. Labda moja.

Mamako