Kukinai, kuona kinyaa au kukirihi?

Swali: Mimi ni mwenyeji wa Mafinga. Mwaka jana nilikwenda Kyela, nikala ugali kwa mbasa, samaki ambaye sikuwahi kumwonja kabla. Usiku ule nilitapika sana, na kwenye zahanati wakakuta ni malaria. Tangu hapo, nikisikia harufu ya mbasa moyo unachafuka, ingawa najua samaki hana kosa. Wenzangu husema nimemkinai. Je, ni sahihi?

Jibu: Wenzako hawakupata. Kukinai huzaliwa na wingi: anayekula maharage mchana na jioni msimu mzima hukinai, na akiyapumzisha siku chache hamu humrudia. Wewe ulimla mbasa mara moja tu. Kinyaa nacho hutokana na uchafu, kama vile kumwona inzi ndani ya mchuzi, na mbasa wako alikuwa safi. Neno linalokufaa ni kukirihi, na nomino yake ni karaha, kwa maana hiyo ni chuki isiyotokana na shibe wala uchafu.

Ubongo wenyewe unaiunga mkono tofauti hii. Tumbo likivurugwa na sumu, seli za ukuta wa utumbo hutoa kemikali iitwayo serotonini, ambayo huiamsha neva ya vagasi, inayounganisha tumbo na ubongo, na habari hupanda hadi kwenye shina la ubongo, kisha kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hisia kama hofu, na kwenye insula, sehemu ya gamba la ubongo inayopokea ladha. Ladha ngeni huongeza asetilikolini, kemikali inayopitisha habari kati ya seli za neva, katika insula, na alama yake hubaki hapo kwa saa kadhaa, hata ugonjwa unaochelewa ukaikuta na kufungamana nayo. Kwa sababu hiyo lawama ilimwangukia mbasa, si ugali uliouzoea tangu utotoni. Mwaka 1955, mwanasaikolojia John Garcia na wenzake huko Marekani waliwapa panya maji yenye sakarini huku wakiwaweka kwenye mionzi ya gama. Baadaye panya wale waliyaepa maji hayo matamu, ilhali kilichowaumiza ni mionzi. Malaria yako ilifanya kazi ya mionzi ile, nayo akili inayojua ukweli haikuweza kuifuta karaha.

Kwa hiyo sema, “Nimemkirihi mbasa,” au, “Mbasa ananitia karaha.” Msemo wako wa moyo kuchafuka ni fasaha pia, ila unataja kichefuchefu chenyewe, si chuki inayokileta.